Usukani Ulitii

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi chake na kwa honi ya gari lake. Uso wake sikuujua. Kwetu Rungwe mke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, wala hawapishani njiani. Ndiyo kutila, heshima ya Wanyakyusa. Mimi mtoto wa Ibighi, wa kuzaliwa karibu na soko la Tukuyu, niliolewa Kawetele nikijidai hayo ni mambo ya zamani. Nilinyooshwa upesi. Mzee akikohoa nyuma ya nyumba, mbio migombani. Akirudi na landrova, alipiga honi kabla ya kona ili wake wa wanawe tupishe, nami nilisimama nyuma ya mgomba, ndoo ya maji kichwani, nikimnung'unikia moyoni. Mungu anisamehe.

Landrova ile waliiendesha kwa zamu, yeye na mume wangu, wakishusha ndizi mjini na kupandisha mbolea. Masika barabara yetu inageuka uji, kwa hiyo mume wangu aliifungia springi nene na matairi makubwa, ikainuka juu kama mwanamke aliyekunja kitenge avuke mto. Matope tukayashinda. Lakini ukiinua gari, fito zinazotoka kwenye usukani kwenda magurudumuni zinakaa mshazari, na vichwa vyake, zile tairodi endi, vinalika kabla ya wakati. Usukani ukalegea. Unauzungusha weee, ndipo magurudumu yanakumbuka kuwa yameitwa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mbeya, ambayo tuliyazoea yana misumari na vumbi tu, yalijaa spea mpya ndani ya maboksi. Mume wangu alitaka abadilishe vyote: tairodi, kingipini za kugeuzia magurudumu, na shokapu ya kuzuia usukani usitetemeke. Mzee alikataa. Yeye alikuwa mtu wa miaka ya uhaba, aliyezoea kubana kichwa kilicholika kwa nyundo na kukijazia kipande cha tairi. Nilimsikia nikiwa jikoni: "Hivyo vya maboksini ni bati, mwanangu. Masika haya tutamaliza na hivi hivi."

Mume wangu hakubishana naye. Kila Jumapili baada ya kanisa aliingia chini ya gari akague, na mimi ndiye nilikuwa msaidizi wake, kwa sababu kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa juu autikise usukani kushoto na kulia, mwingine hulala chini ameshika viungo, asikie kipi kinacheza. Nilipenda Jumapili zile kuliko nyama ya Krismasi.

Siku aliyokufa mume wangu nilikuwa naye. Tulikuwa tunateremka na ndizi, mvua imenyesha tangu alfajiri, na kwenye kona ya mashamba ya chai ukingo wa barabara ulianza kumeguka upande wangu. Aliukata usukani kuelekea mlimani. Ule ulegevu alishauzoea, alijua kiasi cha kuuzidishia. Na gari lilitii. Pua yake iligeukia mlimani kabisa, nikaliona gema lenye majani mabichi mbele ya kioo. Ardhi ya chini ya magurudumu ya nyuma ndiyo iliyoondoka. Tulibiringika hadi kwenye chai. Mimi nilivunjika mfupa wa bega, yeye hakuongea tena.

Watu waliokuja kututoa walikuta kichwa kimoja cha tairodi kimechomoka. Kilichomoka wakati tunabiringika, lakini nani angeuliza? Kabla ya jeneza kufungwa wilaya nzima ilikuwa inajua: usukani umemuua, na mzee aliambiwa akakataa. Niliwaambia wazee wa ukoo nilichokiona. Wakaniambia nipumzike, kichwa changu kimepata mshtuko.

Kilichonikaba ni kwamba mzee mwenyewe alikuwa anaamini. Alikoma kukohoa akipita, mtu ambaye kikohozi chake ndicho kilikuwa hodi yake. Kati yangu na yeye mdomo ulikuwa mmoja tu, mama mkwe. Yeye ndiye aliyepeleka chakula nilichopika na kuleta maneno yake. Nikamwomba amwambie mzee kwamba usukani ulitii.

"Mwanangu," akanijibu, "nikimwambia hivyo, mimi nitamlaumu nani? Nimlaumu Mungu?"

Hakumwambia. Sikuweza kumchukia, na sikujua pengine pa kupeleka neno lile.

Mvua zilipokatika mzee alikwenda Mbeya, akarudi na maboksi. Kila kitu alichokuwa ameombwa na mwanawe alikinunua. Alivifunga kwa siku kadhaa peke yake, kisha akahitaji mtu wa kutikisa usukani. Mama mkwe alitundika kitenge dirishani mwa gari, akanipandisha kwenye kiti cha dereva, akasema, "Yeye yuko chini, wewe uko juu, hamtaonana. Akigonga mara moja, kushoto. Mara mbili, kulia." Akarudi kwenye chungu chake.

Akagonga, nikageuza. Usukani ulikuwa mwepesi na mkavu, hauna mchezo hata kidogo. Ndipo nikamsikia. Alikuwa anaongea kwa Kinyakyusa, polepole, na mimi hakuwa ananiambia.

"Mwanangu, hivi ndivyo ulivyoniomba. Nimevileta, nawe haupo." Akalia kama wanavyolia wanaume wasiozoea, kwa kukwama.

Nilivumilia nikashindwa. Nikasema, macho yangu kwenye kioo: "Baba, usukani ulitii. Nilikuwamo. Alikata kuelekea mlimani na gari likageuka. Ni ardhi iliyokatika, baba. Chuma chako hakikumuua."

Nilidhani atatoka akimbie, kwa aibu niliyomtia. Baadaye akasema, na safari hii pia hakusema na mimi, alisema na lile gari:

"Mkwe wangu amevunja mwiko kwa ajili yangu. Ana huruma fijo, huruma kubwa, hata akakubali kunidanganya."

Nilifungua mdomo nirudie. Ningerudia mara ngapi? Kila neno ambalo ningeongeza lingekuwa huruma zaidi kwake.

Jioni mama mkwe alikuja jikoni na jogoo mwekundu, kamfunga miguu. "Kutoka kwa mzee," akasema. "Ndaga fijo, anashukuru kwa wema wako." Nikampokea kwa mikono miwili, nikamchinjisha, nikampika na ndizi, nikampa mama mkwe sahani ya mzee aipeleke. Yangu sikuipakua.