Besi ya Mzee Theodori

Rogathe alikuwa fundi wa redio za magari pale Bagara, mjini Babati, na kwa miaka saba hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Siku hiyo alimfungia Mzee Theodori, mkulima wa Sigino, spika mbili kubwa nyuma ya kigari chake. Mzee akachomeka flashi yenye nyimbo za kwaya yao, akaketi kiti cha nyuma kusikiliza.

"Mwanangu, mimi simo humu," alisema.

"Humo wapi, baba?"

"Kwenye wimbo. Mimi naimba besi. Akina mama wote nawasikia, ila mwenyewe sijisikii."

Rogathe alitaka kucheka, akajizuia. Akaingia, akaketi kando yake. Kweli, muziki ulikuwa mwembamba kabisa. Alipofungua spika ya kushoto, aibu ikamshika: waya wa chanya alikuwa ameufunga kwenye hasi, kwa hiyo spika moja ilisukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nene zikapotelea katikati. Akazigeuza nyaya, akawasha tena.

Besi ikaja mpaka vioo vikatetemeka. Mzee Theodori alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. Kila ubeti, sauti moja iliingia kabla ya wenzake.

"Huyo anayewahi ni nani?" Rogathe aliuliza.

"Ni mimi," mzee alikiri. "Mwalimu wa kwaya ananiambia tangu Pasaka, namkatalia."

Akaomba wimbo uanzishwe upya, akaimba kwa tahadhari, huku Rogathe akimpungia bisibisi kila zamu yake ilipofika.