Tulikwenda kutalii hekalu la Wahindi Bujumbura wakati wa vita, mama akaishia nje ya geti na beseni la ndagala

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya niliyaona kwa macho yangu, na baadhi ya tuliokuwa nao bado wako hai Bujumbura. Sina sababu ya kuongeza chumvi, kwanza habari yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Mimi ni mzaliwa wa Bwiza, siku hizi naishi Kigoma. Sisi ni Waislamu wa mjini, wa tangu enzi za babu. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, akiitwa Mama Zuhura kwa sababu Zuhura ni mimi, mtoto wake wa kwanza.

Miaka hiyo vita ilikuwa imeshakuwa jirani yetu. Kwenda mikoani ilikuwa mpaka msafara wenye wanajeshi. Hata Kajaga, ufukweni, ambako zamani tulienda kula samaki siku ya Idi, hakuna aliyethubutu kufika.

Sasa mama yangu alikuwa mtu wa kupenda kutembea. Kukaa ndani kulimuumiza kuliko njaa.

Siku moja akaniambia, "Kama kutoka mji haiwezekani, tutatembea hapa hapa. Wazungu walikuwa wanapanda ndege kuja kuona hii mji. Sisi wenyewe hatuijui."

Nikadhani anatania. Kumbe yuko serious.

Alikuwa ananunua vitambaa kwa Mhindi mmoja mjini, jina lake Kirit. Akamwomba waziwazi aturuhusu kuona hekalu lao, ambalo tulikuwa tunalipita kila tukienda sokoni bila kujua ndani kuna nini. Kirit akacheka, akasema tuje Jumapili mchana, mama yake atatupokea.

Baba mdogo aliposikia alikasirika. "Utaenda kufanya nini mahali pa masanamu?"

Mama akamjibu kwa upole, "Naenda kuona, shemeji. Siendi kuabudu. Macho yangu hayasilimu wala hayaritadi."

Tukaenda. Yeye amevaa kitenge chake kizuri na mtandio, mimi nimevaa gauni la Idi. Watalii kamili, kasoro kamera.

Mlangoni tukavua viatu. Sakafu ilikuwa baridi na safi sana. Juu imening'inia kengele, ndani ubani na taa ndogo za samli, na yale masanamu yamevalishwa nguo za hariri na mashada ya maua. Mimi nilikuwa nashangaa nyuso zao. Mama alikuwa anaangalia pindo.

"Nani anawashonea?" akauliza.

Aliyetupokea, mama yake Kirit, bibi mfupi mwenye sari nyeupe, akajibu kwa Kiswahili cha Bujumbura kabisa, "Ni mi mwenyewe. Lakini macho imeanza kuchoka."

Nilishtuka. Nilitegemea mkalimani. Bibi alizaliwa mji huu, anajua mitaa ya Bwiza na Nyakabiga kwa majina ambayo hata sisi hatukuyajua tena.

Basi hao wawili wakaanza kuongea habari za pindo na uzi kana kwamba hakuna vita duniani.

Wakati wa kuondoka, bibi alileta sahani ya peremende zilizotolewa mbele ya sanamu. Mama akaweka mkono kifuani.

"Mama, nisamehe. Hii imepita kwenye ibada, kwetu hatuili. Usione ni dharau."

Bibi akatabasamu. "Najua. Nimewawekea biskuti ya dukani, bado iko mu karatasi yake."

Wakuu, hapo ndipo nilipoona adabu ya watu wazima. Kila mmoja kamlindia mwenzake dini yake, hakuna aliyenuna.

Tukiwa tunakula biskuti kwenye baraza, milio ikaanza.

Mwanzoni mbali, upande wa milimani. Halafu ikasogea. Watu barabarani wakaanza kukimbia. Zamu, yaani mlinzi, akamtazama bibi, bibi akamwambia afungue geti watu waingie.

Wakaingia akina mama, wazee, watoto. Hakuna aliyeulizwa dini wala kabila, na wale waliowahi kuishi Bujumbura miaka hiyo wanajua swali hilo la pili lilikuwa linaua.

Mwishoni akaja mama mmoja Mkongomani, muuza samaki kutoka Uvira. Mtoto mchanga mgongoni, beseni kubwa la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kichwani.

Zamu akanyoosha mkono. "We ingia. Samaki apana. Hapa nyama na samaki haviingii kabisa."

"Nikiiacha nje wataiba," yule mama akasema. "Nimeacha wengine watatu nyumbani, wanakula hii. Siingii bila beseni."

Wanaume wa Kihindi wakaanza kubishana kwa lugha yao. Kirit alikuwa amekunja uso, anamtazama mama yake. Bibi naye anatazama chini. Ilikuwa wazi wanaumia, lakini sheria ya nyumba ile ni ya zamani kuliko wao.

Yule mama akageuka kuondoka.

Hapo mama yangu akashuka ngazi, miguu mitupu, akatoka nje ya geti. Akalipokea lile beseni kichwani kwa mwenzake, akaliweka chini ukutani, akakaa pembeni yake.

"Ingia na mutoto," akamwambia. "Mi nitabaki na ndagala." Yule mama akaingia na mtoto wake.

Nikataka kumfuata. Akaninyooshea kidole tu, na kidole kile nilikijua. Nikabaki getini, machozi yananitoka. Risasi zinalia, mama yangu amekaa barabarani analinda samaki wa mtu asiyemjua hata jina.

Kisha nikaona sari nyeupe inanipita.

Yule bibi alitoka akaenda kukaa chini, kwenye vumbi, bega kwa bega na mama.

Kirit akamwita kwa lugha yao. Bibi akajibu kwa Kiswahili, nadhani makusudi ili sote tusikie.

"Mgeni yangu yuko nje. Mi ndani nafanya nini?"

Kirit akatoka mbio. Gari lake lilikuwa limeegeshwa nje, ubavuni mwa ukuta. Akafungua buti, akalibeba lile beseni yeye mwenyewe, mtu ambaye maishani hajawahi kugusa samaki, uso kaugeuzia kando. Akalitia ndani, akafunga, na ufunguo akaenda kumkabidhi yule mama Mkongomani mkononi.

"Samaki yako iko salama. Wamama wote, ndani sasa."

Yule mama akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, akaanza kulia. Jina lake lilikuwa Mama Furaha.

Tulikaa mpaka milio ilipokoma. Alasiri ilipoingia, bibi alimtandikia mama mkeka kwenye baraza la nyuma, mbali na masanamu, ili asali. Jua halijazama wanajeshi wakapita wakisema njia ziko wazi, tukatawanyika. Mama Furaha aliondoka na beseni lake zima.

Gari la Kirit huenda lilinuka ndagala mpaka mvua za masika. Wateja walimtania dukani, mla mboga anayenukia ziwa. Hakulalamika hata mara moja.

Mama alitutoka miaka michache iliyopita. Watu wanajivunia wazazi waliosoma, waliojenga, waliokwenda Hija. Mimi najivunia huyu. Na najivunia Bujumbura ile, maana wakati ule dunia ilisikia tu habari za wale waliokuwa wakifunga mageti.

Nilichojifunza: mtu anaweza kushika dini yake barabara, asilegeze hata kidogo, na bado akakaa vumbini kwa ajili ya mwenzake. Usimwamini anayekwambia lazima uchague kimoja.

Naomba tuchangie kwa heshima, matusi ya dini tuyaache nje. Wewe ulishawahi kuingia nyumba ya ibada isiyo yako? Ulipokelewaje? Na kama kuna mtu wa Bwiza humu aliyekuwa ndani ya geti siku ile, tafadhali jitokeze, nitafurahi sana kukusalimia.