Uzi wa Chini Nilioupandisha Juu

Kisima cha kwetu Busi, kile cha bondeni ambacho siku hizi kimefukiwa, kilikuwa na gogo la mninga limelazwa juu ya panda mbili na kamba imezungushwa humo, unazungusha mkono wa chuma ndoo inapanda. Ujanani mimi ndiye niliyekuwa nawavutia kina mama maji, shule nilishaiacha darasa la pili (mwalimu na mimi hatukuelewana, tuiache hiyo), na marehemu baba alinifundisha jambo moja tu kuhusu lile gogo: kamba itokee juu, isitokee chini, ikitokea chini inasuguana na ukingo inakatika. Nikalishika hilo maisha yangu yote. Nawapitisha kisimani kwanza kwa sababu aibu yenyewe bado ni nzito kuitamka, ila ndiyo hiyo, ilitoka kwenye lile gogo ikaja kunikuta Mtera mbele za watu, kwa uzee huu.

Mjukuu wangu Zaituni anasoma chuo pale Chimwaga. Tunataniana, yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu, kama ilivyo kwa babu na mjukuu. Alikuwa ameunda mashua ndogo, urefu wake kama mkono wangu, ina tanga la kweli na inaendeshwa kwa rimoti, na mwalimu wao alisema watazijaribu bwawani Mtera, itakayozunguka boya na kurudi salama ndiyo itakayopelekwa Mwanza kushindana na vyuo vingine. Mtoto alikuwa hali wala halali vizuri kwa ajili ya hiyo Mwanza. Akaniomba nikamtazame, nikavaa koti langu la Idi, tukaenda.

Njiani akanieleza tumbo la mashua. Kuna winchi, yaani kimota, na juu yake kigurudumu kama bobini ya cherehani, wao wanakiita dramu, uzi wa tanga umezungushwa humo. Ukisukuma kijiti cha rimoti mbele, dramu inaachia uzi, tanga linalegea. Ukikivuta nyuma, inakaza.

"Upepo ukizidi nalegeza tu, haipinduki," akasema.

Nikamjibu hayo nayajua tangu mama yake hajazaliwa. (Sikuyajua.)

Tulipofika mwalimu akamwita. "Mume wangu, nilindie, usiguse kitu." Nikakaa nayo karibu na mama mmoja muuza perege. Sasa kifuniko cha mashua kilikuwa cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikachungulia, nikaona uzi unatokea chini ya dramu. Chini. Nikamwambia yule mama kwamba watoto wa siku hizi wanasoma mpaka wanasahau, nikamsimulia kisima chote cha Busi, na huku namsimulia nimeshabandua selotepu, nimeshafungua fundo kwa njiti ya kiberiti, nimeuzungusha uzi upya ukatokea juu, safi kabisa, nikarudishia selotepu ileile (ilishaingia vumbi). Zaituni nilipanga kumwambia baada ya kushinda, nisifiwe vizuri.

Mashua ikaondoka kwa upole, upepo mdogo, Zaituni anagusa usukani tu. Ilipokaribia boya upepo ukashuka kutoka milimani, nikamwona anasukuma kijiti mbele alegeze. Tanga likakaza. Akasukuma zaidi, likakaza zaidi, maana uzi ule nilioupandisha juu uligeuza kila kitu, kuachia kukawa kuvuta, na mtoto alikuwa anafanya sawasawa alivyofundishwa na ndiko kulikokuwa kunamzamisha. Ikalala ubavu, kifuniko kikabanduka, ikanywa maji.

Mvuvi akaifuata kwa mtumbwi. Mwalimu akaipokea, akamwaga maji, akatazama ndani.

"Zaituni, uzi umeuzungusha kinyume. Hukujaribu kabla ya kuja?"

Zaituni akanitazama. Mimi nikatazama bwawa.

"Nimekosea mimi, mwalimu," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Aliyesema ni mama wa perege, na wala hakuwa na ubaya.

"Wewe binti usijibebeshe. Babu ndiye kaufungua, katuhadithia hapa na kisima cha kwao. Sasa babu, ndoo si hiyo imekuja na maji, unalia nini?"

Watu wakacheka, mpaka mvuvi. Mwalimu hakucheka. Akaniambia, "Shikamoo mzee," kama ndiyo kwanza ananiona, halafu akaita mashua inayofuata.

Jamani, kamba ya mtu ukiiona imekaa usivyoizoea, iache, muulize mwenyewe, hata akiwa mtoto uliyempakata. Alikuwa hatua chache tu pale, na mimi sikuuliza.

Nikaokota fimbo yangu, nikapanda kuelekea barabarani. Nyuma yangu Zaituni akaita, "Babu." Si mume wangu. Babu. Sikugeuka, na Mtera sijarudi tena.