Lugha Aliyobaki Nayo Koko Ana

Siagi inapoanza kuungua kwenye kikaango, kabla unga haujamiminwa, hutoa harufu iliyo kati ya karanga na moshi. Wapishi wengine huwahi kupunguza moto. Mimi huiacha kidogo, nikavuta harufu yake, kwa sababu ndiyo harufu ya ua letu la Mutakura, Bujumbura, siku ya Jumapili, watu wakitoka misa, na Koko Ana akitukaangia krepi, zile chapati nyembamba za maji, za unga wa ulezi. Kwao krepi hizo zilipikwa kwa nafaka nyingine, nyeusi nyeusi, ambayo Bujumbura hakuna aliyeijua. Alijaribu mtama, akajaribu muhogo, mwishowe akaridhika na ulezi. Alisema unafanana na ile ya kwao ukifumba macho.

Alikuwa Mzungu mzee, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alikuwa ameolewa na Mrundi aliyekwenda kusoma Ufaransa, akamfuata huku angali msichana, na mume alipofariki akakataa kurudi. Mtoto wao mmoja, Deo, aliishi Ubelgiji. Mimi na mama tulikuwa tumekimbia vita upande wa Uvira, tukapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Mama aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Upande wetu wa Kongo bibi huitwa koko, basi nikamwita hivyo siku ya kwanza, na jina likamshika.

Jioni, mama akichambua ndagala zake kwenye ungo, Koko Ana alikuja kukaa nasi kwenye kibao, akasaidia kutoa mawe na kutusimulia mji wake. Ulikuwa mji mdogo wa Bretagne, kule Ufaransa inakoishia baharini. Nyumba zake zilikuwa za mawe ya kijivu, na wanawake walivaa kofia za lesi nyeupe zilizosimama wima kichwani hata upepo ukivuma. Mashua zikirudi na sadini, kengele ya kiwanda ililia, na mama yake pamoja na majirani walitoka mbio na viatu vyao vya mbao, koh-koh-koh kwenye mawe, kwenda kusafisha samaki na kuwapanga kwenye mikebe, wakiimba usiku kucha ili wasisinzie.

"Basi kwenu ni kama hapa tu," mama alimwambia. "Ni samaki na kuchoka."

Kila kiangazi walitembeza bendera za mtakatifu wao mji mzima. Mtakatifu huyo, alisema, alivuka bahari zamani sana akiwa ndani ya mtumbwi wa jiwe.

"Jiwe inaelea, Koko?" niliuliza.

"Ile ya kwetu ilielea," alijibu, akiendelea kuchambua.

Hadithi moja aliisimulia mara moja tu. Shuleni kwao ilikuwa marufuku kusema lugha ya nyumbani, Kibretoni. Aliyeteleza alivikwa shingoni kiatu cha mbao chenye kamba, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake naye akiteleza, ndipo amvalishe yeye. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Mimi nilicheka sana. Kiatu shingoni! Nilimtazama mama nikitaka acheke nami, lakini alikuwa ameinamia ungo wake.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi Koko Ana alipoanza kupotea. Kwanza kilimtoka Kiswahili. Akawa anatusemesha Kirundi, nasi tukadhani ni kusahau kwa kawaida. Kisha Kirundi nacho kikamtoka. Kwa miezi kadhaa alibaki na Kifaransa, ambacho mama alikijua kwa shida na mimi nilikijua kwa vitabu vya shule. Halafu asubuhi moja nilimpelekea chai, akanijibu maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. Yalikuwa na sauti za kukwaruza kooni, na aliyasema kwa wepesi, uso umechangamka, kama mtu aliyefika nyumbani. Nilikimbia kumwita mama.

"Ni luga yao ya kule," mama alisema alipomsikiliza. "Ile ya kiatu."

Tulimtafuta mtu wa kutusaidia. Mama aliuliza kwa mapadri, akauliza kwa wafanyabiashara wa mtaa wa Asiatique wanaojua Wazungu wengi. Kila mahali walimjibu kwamba Mfaransa ni Mfaransa, amsemeshe Kifaransa. Tukabaki kubahatisha. Siku moja alishinda akisema "bara, bara", akilia. Mama aliamini anataka barabarani, akamshika mkono mpaka nje, akamkalisha kwenye kiti karibu na mfereji apunge hewa. Koko Ana alizidi kulia mpaka akapita kijana mwenye beseni la mikate kichwani. Alinyoosha mikono yote miwili. Bara ulikuwa mkate. Mchana wa joto kali akasema "duru, duru", na mama, kwa Kifaransa chake kidogo, akaelewa kwamba kitanda ni kigumu. Akamwekea godoro letu juu ya lake. Tulikaa siku nzima kabla ya kujua kwamba alikuwa anaomba maji.

Mama alisimulia hayo akicheka, halafu akaacha kucheka. Maana kulikuwa na maneno mengine, marefu, ambayo Koko Ana alimwambia mama jioni akiwa amemshika kifundo cha mkono. Akimaliza alisubiri jibu. Mama alimwitikia "ndiyo, Koko", akatikisa kichwa. Koko Ana alimtazama kidogo, akaona hajaeleweka, akarudia polepole, kama unavyomrudilia mtoto. Mama aliitikia tena. Kisha alitoka nje akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Tulimpigia Deo simu. Nilitulia. Mtoto wake, nilijiambia, atajua kila kitu.

Alifika na sanduku la dawa na chokoleti zilizoyeyuka, mtu mzima mwenye mvi, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake na kumsemesha Kifaransa. Koko Ana alimsikiliza kwa adabu. Alimjibu kwa maneno mengi, akimpapasa kola ya shati. Deo aligeuka akanitazama mimi.

"Amesema nini?"

"Kuna mahali amesema maji," nilimwambia. "Na mkate. Zingine sisikii."

"Basi we unasikia kuliko mimi."

Nilimletea maji Koko Ana kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Deo alikaa nasi wiki mbili. Alikaa pembeni ya mama yake kama mgeni anayesubiri kuitwa. Jioni moja alikuja kwenye kibao chetu, akachukua ndagala kutoka kwenye ungo na kuzigeuzageuza tu.

"Nilimuuliza nikiwa mutoto," alimwambia mama. "Nilimwambia, nifundishe luga ya kwenu. Akasema ni luga ya watu ya samaki, haina kazi. Akanifundisha Kifaransa kizuri." Alinielekezea kidole. "Mama Furaha, we huyu unamusemesha Kifuliiru, luga ya kwenu?"

"Apana," mama alisema. "Hapa itamusaidia nini?"

Deo alizirudisha ndagala kwenye ungo. Mimi niliona ni mazungumzo ya wakubwa waliochoka, nikaenda kulala. Koko Ana alifariki kabla mvua hazijaanza. Mpaka siku ya mwisho alikuwa akimwambia mama yale maneno yake, na mama akiitikia.

Miaka mingi imepita. Mama amezeeka, nami ndiye ninayemtunza. Jumapili dada yake hupiga simu kutoka milimani kule juu ya Uvira, na mama hubadilika sauti akimjibu kwa Kifuliiru. Huwa mwepesi, huwa mchokozi, hucheka mpaka anafuta machozi. Namletea chai, nakaa karibu naye. Siku moja alipokata simu nilimuuliza walikuwa wanacheka nini. Alifungua mdomo, akatafuta, akajaribu kwa Kiswahili, akaacha katikati.

"Haisemeki, mwanangu," aliniambia, akanishika kifundo cha mkono.

Nikamwitikia ndiyo.