Sauti Iliyokatika Nyuma ya Mlima

Pale hospitali walimwita Sikio, maana alisikia maneno mahali ambapo wengine walisikia mkwaruzo tu. Kazi yake ilikuwa chumba cha redio, chembamba, chenye dirisha lisilofungika vizuri. Siku ya mafuriko mnara wa simu ulianguka asubuhi, na kaka yake, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa njiani akimleta mama mjamzito.

"Dada, maji yametubeba!" kaka alipiga kelele kwenye redio yake ya mkononi, ya VHF. "Tunasukumwa kuelekea—"

Kimya.

"Kaka! Nijibu basi!"

Mkwaruzo. Mawimbi ya VHF husafiri kwa mstari ulionyooka tu. Yakikuta mlima, ndio mwisho wake. Huenda maji yalikuwa yamewapeleka nyuma ya mlima. Au wamezama. Hilo la pili hakutaka kuliwaza, lakini lilikuwa limeshamkaa kichwani.

Akaivamia redio kubwa ya HF. Mawimbi yake hupanda angani na kurudi chini ng'ambo ya milima, ndiyo maana zahanati za mbali huyategemea. Akaita zahanati ya upande wa pili. Kelele tupu. Akashusha masafa ya redio, akapitiliza kwa haraka, akarudi, akaita tena.

"Nakusikia, dada," mkunga wa zahanati akajibu, sauti ikipanda na kuzama.

"Kaka yangu amebebwa na mafuriko, upande wenu! Kati yako na yeye hakuna mlima. Mwite kwa VHF, nakuomba!"

Akangoja, kapeleka ngumi mdomoni kama mtoto. Akamuwaza mama yao, na jinsi angemwambia. Akakaa sakafuni, waya wa kipaza sauti umenyooka juu yake.

"Dada, upo? Amejibu. Gari limekwama kwenye mti, nao wako juu ya paa lake. Watu wameshakwenda na kamba."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Ila uchungu umeshamshika mama."

Hofu ikahamia kwa huyo mama asiyemjua hata sura. Jioni ndipo mkunga alipoita tena: mtoto wa kike, analia vizuri.

Barabara ilipofunguka kaka alirudi, mkono umefungwa bandeji, anacheka. "Ulidhani nimekwenda, eh?"

Sikio akampiga kibao cha bega, kisha akamlilia kifuani. Mpaka leo redio ikinyamaza ghafla, yeye husimama mpaka sauti irudi.