Njoo Kesho, Mama Besi

Kabla hujanicheka, pita siku moja kanisani kwetu, mwendo mfupi tu kutoka Igowole, ukaguse benchi la pili la kwaya. Mwisho wake, upande wa dirishani, utakuta matundu manne ya skrubu. Niliyatoboa mimi kwa mkono wangu. Mimi ni fundi redio na simu, uongo nimesema, tena mwingi, na huo ndio ulioniponza. Ila haya ninayokusimulia leo ni kweli tupu, na benchi lipo.

Tena usitegemee usiku wa manane. Watu wakisikia habari za namna hii wanataka giza, wanataka bundi juu ya paa. Mimi yalinikuta saa kumi alasiri, nimevaa koti, chai iko pembeni inapoa. Ukungu wa Mufindi hausubiri giza. Mwezi wa saba mlango wa jirani unaweza usiuone mchana kweupe.

Mimi si mtu wa huku. Kwetu ni Rungwe, na gitaa la besi nimelipiga Mbeya mjini miaka mingi, kwenye bendi ya ukumbini. Bendi ikavunjika, kila mtu akashika njia yake. Mke wangu naye akashika yake, na hayo sitaki kuyachimba. Nikapanga chumba huku: mbele natengeneza simu, nyuma nalala. Wiki nzima ilikuwa inaweza kupita nimewaambia watu maneno matatu tu: shida nini, njoo kesho, asante. Upweke, ndugu yangu, usikie tu kwa wenzako. Kwaya ya mtaa waliponiomba niwapigie besi, nilikubali hata hawajamaliza kuomba.

Sasa, pedali zangu za bendini, vile visanduku vya chuma unavyovikanyaga kwa mguu kubadilisha sauti ya gitaa, zilijaa sanduku zima kama la mtu anayehama. Ukilipakia kwenye bodaboda, wewe mwenyewe unabaki barabarani. Nikaamua nitengeneze ubao mdogo wa kuingia kwenye begi la shule, pedali nne basi. Pedali ya tuna, inayopima nyuzi na kuwasha taa ya kijani katikati zikikaa sawa, ikae mwanzo. Kompresa ya kusawazisha mapigo ifuate, halafu ile ya oktavu inayoongeza uzito kwa chini, na mwisho kisanduku chenye tundu la hedifoni, nipige peke yangu bila kumsumbua mtu. Kama kuna mtu wa kusumbua! Waya fupi nililehemu mwenyewe. Umeme ungetoka kwenye pawabenki, maana wa ukutani huku ni mgeni, huja akipenda.

Kilichobaki ni ubao wenyewe. Paina huku imejaa, lakini mbichi, ukiiacha wiki inapinda. Nilitaka mbao ngumu, kongwe, iliyokwisha kumaliza utoto wake.

Jicho likaangukia benchi la pili la kwaya. Mninga mtupu! Na kila Jumapili nilikuwa naona ajabu moja: kina mama wamebanana bega kwa bega, mpaka wengine wanakaa upande, halafu mwisho kule dirishani pamebaki nafasi ya mtu mmoja, tupu. Nikajiambia hapo ni ziada. Isitoshe mguu wa upande ule ulikuwa unacheza. Nikamfuata mwinjilisti, mgeni kama mimi, alikuwa hajamaliza hata miezi miwili tangu ahamishiwe kwetu.

"Nikate kale ka mwisho, mguu niusogeze ndani, benchi litulie," nikamwambia. "Kipande nibaki nacho."

"Kata, fundi."

Wageni wawili tukaamua jambo la wenyeji. Sikumuuliza mtu mwingine. Sentimita arobaini na tano, nikapitisha msumeno.

Jumapili kwaya wakaingia, wakaliona benchi, wakasimama. Mama Tumaini, anayeongoza sauti ya pili, akanigeukia. "Umekata, fundi?"

"Nimekata mama. Lilikuwa linayumba."

"Haya."

Wakakaa. Watu wa huku wakikwambia haya, usikimbilie kufurahi. Mimi nilifurahi.

Jumatano iliyofuata ubao ulikuwa tayari, pedali zimekazwa zote nne, kila moja kwa skrubu yake, hakuna waya uliozidi. Nilijipongeza mwenyewe, nani mwingine angenipongeza? Nikavaa hedifoni, nikaanza kupiga besi ya wimbo wa Jumapili. Katikati ya ubeti nikasikia kuna sauti inaimba chini ya gitaa langu. Nikaacha kupiga. Nikavua hedifoni. Sauti ikaendelea, ikamaliza ubeti pale pale nilipotaka kuumalizia mimi.

Mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja. Sweta la kahawia, kitenge, raba za plastiki, kitabu cha nyimbo kimeshonewa kitambaa. Sauti ilikuwa yake, nzito, sauti ya kiume kabisa. Hebu niambie: besi bila spika haisikiki hata hatua tatu, na muziki wote ulikuwa masikioni mwangu. Yeye aliusikia wapi?

"Kamwene," akanisalimu kwa lugha ya huku.

"Kamwene, mama. Karibu, karibu. Kaa." Nikamsogezea stuli.

"Siwezi kukaa, mwanangu."

"Miguu inasumbua?"

"Miguu yenyewe inataka. Mahali ndipo sina."

"Si hii stuli, mama?"

Akaiangalia kwa adabu tu. "Hiyo ya wateja wako." Halafu akaangalia pale chini, kwenye pedali. "Fundi, kile changu tayari?"

Nikadhani aliniachia redio siku za nyuma nami nimesahau. Fundi anapokea vitu vingi. Mdomo ukajibu wenyewe, kama unavyowajibu watu wote. "Bado kidogo, mama. Njoo kesho."

"Haya." Akageuka, ukungu ukammeza.

Nikachomoa waya kwenye gitaa nifunge kazi. Waya niko nao mkononi, gitaa liko kitandani, na tuna bado inawaka. Taa ya kijani imetulia katikati kabisa, kwenye noti ile ya chini aliyofungia wimbo. Niamini au usiniamini. Nilisimama nikaitazama mpaka ikazima.

Kesho yake akaja kweli. Na keshokutwa. Kila saa kumi. Ningekuwa na akili ningehama, lakini nikuambie ukweli? Nilianza kumsubiri. Saa tisa na nusu nateleka chai ya vikombe viwili. Hakunywa hata siku moja, alikuwa anasimama tu pale pale, napiga, anaimba. Alinifundisha pia. "Punguza mbio, mwanangu, hapo wenzako wanapumua." Nami napunguza. Akitaka kuondoka anauliza, "Fundi, tayari?" Namjibu, "Njoo kesho, mama."

Jumapili ya pili baada ya hapo, ibada ilipoisha Mama Tumaini alinivuta pembeni. "Nani kakufundisha kusubiri pale tunapopumua?"

Nikamweleza: sweta, raba, kitabu chenye kitambaa, sauti.

"Huyo Mama Besi," akasema. "Sauti yake ilikataa kupanda na sisi, akaimba besi na wanaume. Wanaume husimama pale dirishani, ndiyo maana alikaa mwisho kule, apakane nao. Tumemzika mwaka juzi. Mahali pake hatujapakalia."

Nikamuuliza, "Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa umeshakata, fundi. Tukuambie nini?"

Sasa hapa ndipo ninapoona haya, lakini nimesema nitasimulia yote. Kurudisha kile kipande ilikuwa kazi ya nusu saa. Jioni ile ile ningeweza. Nilijua mgeni wangu ni nani, na nilijua anataka nini. Nikarudi nyumbani, nikateleka chai, vikombe viwili.

Wiki tatu nilimzungusha marehemu kama mteja wa simu.

Kwa nini? Kwa sababu akipata pa kukaa, hatakuja tena. Ndiyo sababu yote. Nani mwingine alikuwa anasimama mlangoni kwangu bila simu mbovu mkononi? Na miguu yake nilikuwa naiona, usidhani sikuiona. Siku za kwanza zile raba zilikuwa zinampwaya. Baadaye zikajaa. Wiki iliyofuata visigino vikawa nje, anazikanyagia. Mwishowe akaja peku, raba kazishika mkononi pamoja na kitabu, na vifundo vimevimba, ngozi inang'aa. "Fundi, tayari?" "Njoo kesho, mama." Mungu anisamehe, nilikuwa nalisema huku nikimtazama usoni.

Alhamisi moja alikuja amejiegemeza kwenye fremu ya mlango. Nikapiga, hakuimba. Nikafika pale pa kupumua, nikasubiri, kimya.

"Mama, leo huimbi?"

"Leo nimechoka, mwanangu."

Hakulalamika. Hakunitisha. Laiti angenitisha! Nikafungua mdomo, na kabla neno halijatoka akalisema yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake mzigo.

"Najua. Kesho."

Akageuka, akaanza kuondoka, anaburuta miguu. Aibu iliyonishika siku hiyo sijawahi kuionja, hata siku mke wangu anafunga mabegi. Nikapiga kelele, "Leo, mama! Leo hii!" Sijui kama alisikia, ukungu ulikuwa umeshamchukua.

Pedali nilizing'oa zote, nikazitupa kitandani na waya zake. Nikachukua ubao, bisibisi, gundi, vipande viwili vya chuma, nikakimbia. Mwinjilisti alinipa ufunguo bila kuuliza, nadhani aliona uso wangu. Mguu wa benchi niliurudisha ulipokuwa, kipande nikakiunga, vyuma nikavikaza kwa chini. Kikakaa sawasawa. Yale matundu manne ndiyo sikuweza kuyafanya chochote.

Nikakaa katikati ya benchi nisubiri gundi ishike. Kanisa zima ni mimi, na ukungu dirishani. Nikasema kwa sauti, "Tayari, mama."

Benchi likalia. Upande wa dirishani ukabonyea kidogo, kama mtu mzima anapojishusha kwa kushikilia magoti. Halafu nikasikia raba mbili zikiwekwa chini, tap, tap, na pumzi ndefu. "Aaah." Wewe umewahi kumsikia mtu aliyesimama mno akipata kiti? Ndiyo hiyo. Sikugeuka, nilishindwa. Nilisema, "Unisamehe, mama," nikalia pale mpaka baridi ikanifukuza.

Hakuja tena chumbani. Kesho yake saa kumi nilikuwa mlangoni, na keshokutwa pia. Pedali zangu sasa ziko kwenye ubao wa paina, umeshapinda, kompresa inacheza nikiikanyaga. Sawa tu. Jumapili kina mama wanabanana bega kwa bega kama zamani, mwisho kule wanapaacha, na mimi stuli yangu nimeisogeza jirani. Kabla sijagusa uzi wowote, taa ya tuna huwaka mara moja, kijani, katikati, ikazima. Mama Tumaini ameshaiona, akasema haya.

Chumbani haijawaka tena hivyo. Huwa naichomeka saa kumi, naiangalia, naichomoa. Chai nateleka ya vikombe viwili bado, mkono umeshazoea, na cha pili namwaga. Ninamkumbuka, sitaficha. Wateja wananitania kwamba nimeokoka, kwa sababu siku hizi nasema leo, au nasema siwezi. Lile neno jingine sina hamu nalo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukikuta nafasi tupu penye watu waliobanana, uliza ni ya nani kabla hujatoa msumeno. Na kama kuna mtu unamwambia njoo kesho, njoo kesho, wakati kazi yake imekwisha na unaogopa tu kwamba akipata chake hatarudi, mpe. Sikudanganyi, hatarudi. Mpe hivyo hivyo, amesimama sana.