Sista Pancha na Kisigino cha Mshonaji

Wodini walimwita Sista Pancha, naye hakununa. Jina alilipata kwa ile tabia yake ya kuinamisha sikio juu ya bandeji za wagonjwa, akisaka hewa inapovujia. Mashine ya kufyonza vidonda haina siri kubwa: sponji ndani ya kidonda, plastiki ya kunata juu yake, na mpira wa kuvuta majimaji. Lakini ukiacha upenyo kama unywele, mashine inapiga kelele na kidonda hakifaidi kitu. Hata madaktari waliobobea walimwita yeye aje kuziba, na hakuna siku aliyojigamba.

Kisigino cha mama mshonaji ndicho kilichomtoa jasho. Kidonda kilikuwa kimechimba ndani, na daktari alishasema bila kuficha: kufika Ijumaa kisipoonyesha uhai, mguu unakatwa. Na mama wa watu anaishi kwa cherehani ya kukanyaga!

Jumanne Sista aliziba mara tatu, na mara tatu mashine ikalia. Plastiki ilijikunja kwenye mviringo wa kisigino, hewa ikapita kwenye mikunjo.

"Mwanangu," mama akasema, "nikusute au ninyamaze?"

"Nisute tu, mama. Mwenzio nimeishiwa."

"Unalazimisha kitambaa. Kwapa la gauni halishonwi hivyo. Kata vijino pembeni, kitalala chenyewe."

Mwingine angemwambia atulie, kazi awaachie wenyewe. Wapo wengi wa namna hiyo, elimu imewaziba masikio. Sista alimpa mkasi na kipande cha plastiki kilichobaki, akatazama vidole vile vizee vinavyokata. Kisha akanawa, akavaa glavu mpya, akakata vijino vyake na kuvilaza kimoja juu ya kingine. Mashine ikanyamaza. Sponji likanywea.

"Haya, sasa sista hapa ni nani?" mama akachekelea.

"Ni wewe. Ila sare sikupi!"

Ijumaa daktari akaja na fomu ya upasuaji mkononi. Sista akatoa sponji taratibu, akasafisha kidonda, akakigusa kwa shashi. Matone ya damu yakachomoza.

Mama akashika kichwa. "Basi tena. Kimeharibika."

Sista Pancha, ambaye wodi nzima haikuwahi kumwona akilia, machozi yalimtiririka mpaka barakoa ikalowa.

"Hapana, mama," akasema. "Nyama iliyokufa haitoi damu."